Samaki Niliowarudisha Kwenye Shuka

Aliyenifundisha kutarizi hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mke wa mwenye duka pale Kasulu mjini, mama wa pwani aliyeletwa bara na ndoa. Mimi nilikuwa msichana wa Kiha, nimemaliza darasa la saba, najiona fundi kabla sijajua kuvuta uzi sawasawa. Ilikuwa miaka ya sabini, na bahari nilikuwa sijaiona hata kwenye picha.

Alikuwa na shuka jeupe alilolitarizi tangu alipofika. Alichora mwamba wa matumbawe wa kijijini kwao, akauzungushia samaki wa kila rangi, wamejazana kama watu wa gulioni. Kisha barua za mama yake zikaanza kuleta habari za baruti. Watu walikuwa wakilipua samaki, na mwamba unavunjika. Kila barua iliposomwa, alichukua sindano akafumua. Akisikia pono hawaonekani tena upande fulani, aliwafumua pono wa upande huo, pakabaki peupe na vitundu vya sindano.

Haya niliyajua baadaye. Wakati ule niliona shuka zuri lenye mapengo, na sikuuliza, maana nilishasifiwa mara mbili mwezi ule na kichwa kilikuwa kimevimba.

Saba Saba ilipokaribia nikamwomba aniazime shuka lile, nilipeleke kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Akanipa. "Ulitunze, mwanangu," akasema. Sasa kwetu Uha, cha kuazima hukirudishi kitupu. Ukiazima kikapu, unatia ndani maharage, hata konzi moja, la sivyo umemdharau mwenyewe. Basi nikaamua kumrudishia shuka limejaa. Nilishona wiki mbili, kwa uzi uleule wa dukani kwao, nikipita katika vitundu vilevile. Nilishona vizuri, Mungu anisamehe.

Watu walisifu sana. Walioniuliza kama kazi ni yangu, sikuwaambia hapana.

Nilipolirudisha alilitandaza juu ya kaunta, akapitisha kiganja polepole. Mimi nimesimama nangoja asante.

"Hawa wametoka wapi?"

"Nimekujazia, mama. Kulikuwa na mapengo."

Akakaa juu ya gunia la chumvi, akanieleza habari za barua, moja baada ya nyingine. Hakunigombeza, afadhali angenizaba kibao. Mama yake alikuwa amefariki mwezi uliopita, na hapakuwa na mwingine wa kumwandikia. Kilichobaki kwenye shuka ndicho alichojua kimebaki baharini kwao. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nioneshe wako," akasema, "tuwafumue."

Nikaanza kuonesha. Wa kwanza niliwakumbuka vizuri. Wengine sikuwakumbuka kabisa, kwa sababu mshono wangu ulikuwa mshono wake, yeye ndiye aliyenipa. Nikaona haya kusema sijui, haya juu ya haya. Nikaendelea kunyoosha kidole kama mtu mwenye uhakika, naye, ambaye macho yake yalishaanza kufifia, akamfumua kila niliyemgusa.

Alipomaliza alinishukuru, akanifungia sukari kwenye karatasi nimpelekee mama. Sikumwambia, mpaka wakahama, kwamba nilikuwa nabahatisha. Wapo samaki wa kwao ambao baruti haikuwafikia. Hao niliwamaliza mimi.