Gurudumu Alilolikaza kwa Sikio

"Shangazi, lile gurudumu lingevunjika kweli?"

Swali hilo Shangazi aliulizwa na mpwa wake, wakati huo mtoto yuko darasa la tano, siku mbili baada ya maonyesho ya baiskeli. Shangazi alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, chini ya turubai lake, mikono imejaa grisi. Hakuinua macho. "Nipe spana namba kumi na tano," akasema, na maongezi yakaishia hapo.

Kwa miaka kumi na tisa ndivyo alivyofanya kazi: kuchuchumaa. Mafundi wenzake walimwita Sikio, kwa sababu akisuka gurudumu hakutumia kipimo chochote. Aligonga spoki moja moja kwa ukucha, kichwa kakiinamisha kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani, na ile iliyotoa mlio wa kivivu aliikaza mpaka ikaimba sawa na wenzake. Magurudumu yake hayakuyumba. Kilichoyumba ni magoti. Kuna asubuhi alishuka kitandani kwa awamu.

Ndiyo maana meneja wa kampuni moja ya baiskeli alipomfuata pale turubaini, akamwambia wanafungua karakana na wanatafuta fundi mkuu, Shangazi aliuliza jambo moja tu: "Huko mnafanya kazi mmechuchumaa au mmesimama?"

Meneja akacheka. "Tuna stendi, Mama. Baiskeli inapanda yenyewe mpaka kifuani kwako."

Akapewa wiki mbili za majaribio. Siku ya kwanza kuitumia ile stendi, alikaza breki akiwa wima, mgongo umenyooka, na jioni akapanda ngazi za nyumbani bila kushika ukuta. Kazi yenyewe ingetangazwa rasmi kwenye maonyesho, mbele ya wageni, baada ya bingwa wa mbio kuteremka na baiskeli mpya kwenye mteremko wa mbao mrefu kama nyumba ya ghorofa.

Magurudumu ya baiskeli hiyo yalifika vipande vipande ndani ya boksi. Rimu zilikuwa za kaboni, nyeusi, nyepesi kama sinia tupu. Shangazi hakuwahi kusuka rimu za namna hiyo. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo na kidude chenye mshale cha kupimia mkazo wa spoki. Akavisukuma kando. "Hivi ni vya watu wasio na masikio," akasema. Akasuka, akakaza, mpaka spoki zikaimba ile sauti aliyoizoea kwenye rimu za chuma.

Siku ya maonyesho alifika mapema, akaamua kuzunguka mabanda. Ukumbi mzima ulinuka mpira mpya. Aliona baiskeli yenye mkanda badala ya mnyororo, akapitisha kidole, kikatoka safi. "Huu utaniharibia jina," akamwambia muuzaji. "Mteja akiona sina grisi mikononi, ataniuliza kama kweli mimi ni fundi." Akabonyeza tairi lisilojazwa upepo, lenye vitundu kama sega la nyuki. Akajaribu kuinua baiskeli ya betri, akairudisha chini haraka. "Hii ikizimika njiani, nani anambeba mwenzake?"

Watu walicheka. Naye alikuwa anacheka bado alipofika banda la rimu, kikombe cha chai mkononi, akaikuta rimu nyeusi kama zile zake, imekatwa katikati ili wateja waone ndani. Muuzaji alikuwa anawaeleza watu wawili.

"Hizi zina kipimo chake. Fundi aliyezoea chuma anakaza spoki mpaka zinalia, anaona amefanya kazi. Kumbe ameanza kuipasua rimu hapa, kwenye matundu ya spoki."

Shangazi akasahau chai. "Inapasuka baada ya muda gani?"

"Inategemea, dada. Leo, kesho, mwakani. Kaboni huwa haiagi."

Zilibaki dakika kumi na tano bingwa ateremke. Alirudi bandani kwao karibu anakimbia, akachakura boksi mpaka akakipata kile kidude, akakibana kwenye spoki ya gurudumu la mbele. Mshale ukavuka alama nyekundu. Akajaribu nyingine. Ukavuka. Akamulika matundu kwa tochi ya simu, tundu kwa tundu. Hakuona ufa wowote. Kulegeza spoki zote na kulipanga gurudumu upya kulihitaji saa nzima, na gurudumu lililolegezwa kwa pupa ni baya kuliko lililokazwa.

"Fundi, tuko tayari?" Meneja alikuwa nyuma yake, na tai mpya.

"Tusogeze mpaka mchana."

"Wageni wamekaa. Kuna nini?"

Wasaidizi wawili wakaja, wakaichukua baiskeli na kuipandisha juu ya mteremko. Shangazi akawaangalia wakienda nayo. Akaitazama stendi iliyowekwa pale bandani, vyuma vyake vinang'aa. Hakuna aliyeuona ule mshale isipokuwa yeye.

"Nimezikaza kupita kiasi," akasema. "Kosa ni langu."

"Unaona ufa?"

"Sioni."

"Basi." Meneja akashusha sauti. "Mama, nakuomba. Jina lako liko kwenye karatasi ya matangazo. Kaa kwenye kiti chako, upigiwe makofi."

Kipaza sauti kikaanza kuhesabu. Sitini. Hamsini na tisa. Shangazi hakukaa. Alipanda ngazi za ule mteremko, magoti yakimlilia kila hatua, akafika juu hesabu iko kwenye tatu, akashika usukani.

"Mama, vipi tena?" bingwa akauliza.

"Shuka kidogo, mwanangu."

Akafungua ekseli ya mbele, akalichomoa gurudumu mbele ya ukumbi mzima.

"Unaniibia gurudumu?"

"Nimelisuka mimi, nalichukua mimi."

Wengine walicheka, wakidhani ni mchezo. Meneja hakucheka. Hakukuwa na tangazo. Alipokuja kumuaga aliangalia pembeni, akasema tu, "Ondoka nalo hilo gurudumu lako." Jumatatu Shangazi akarudi chini ya turubai.

Mpwa hakuuliza tena mpaka alipofika kidato cha tatu. Walikuwa sebuleni, Shangazi ameweka goti juu ya stuli, amelifunga bandeji. Safari hii alijibu.

"Siku ile? Siku ile lisingevunjika. Nililifunga kwenye baiskeli yangu wiki ileile, nikateremka nalo mteremko wa hospitali mara nne, huku nalitukana. Halikuvunjika. Nikalia, maana nilijua stendi ilikuwa yangu kabisa. Nikaendelea kulitumia. Mwaka wa pili, barabara tambarare, nimebeba mkate, likapasuka kwenye matundu yaleyale. Nilikuwa naenda taratibu, nikachubuka kiwiko tu. Nikakaa palepale barabarani, nikaula ule mkate wote."