Homa ya Beto

Mpaka leo, nikiona mtu anamwagia beto, yaani zege, maji asubuhi, damu inanichemka. Ni ujinga, najua. Huku Lubumbashi kila masoni, fundi wa kujenga, amefundishwa hivyo: leo umemwaga beto, kesho unainywesha. Na kwa sakafu ya nyumba, yuko sawa kabisa.

Ila yetu haikuwa sakafu. Ilikuwa msingi wa mashine ya kusaga mawe ya shaba, beto nene kupita kimo cha mtu. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya asubuhi inakata masikio. Mimi ndiye niliyekuwa injinia. Tuliimwaga Ijumaa, nikaifunika mwenyewe kwa masaki ya gunia, majani makavu kutoka Kasungami, na plastiki juu. Nikawaambia watu: "Musiguse! Mutu asitoshe, asiondoe hata saki moja!"

Masoni mkubwa, mzee aliyeshika mwiko kabla sijazaliwa, akauliza sababu: "Juu ya nini, mama?"

"Juu nimesema."

Nilikuwa nimechoka kuulizwa maswali na wanaume. Basi.

Jumapili mzee alibaki zamu peke yake. Jumatatu nafika: masaki yamepangwa pembeni vizuri, beto iko uchi, imelowa, na ufa umetembea kutoka kona hii mpaka ile. Ukucha wangu uliingia. Ee mama! Nilipiga kelele mpaka madereva wa malori wakashuka kuangalia.

"Mama, ilikuwa inatosha moshi," mzee akasema. "Natia mukono, iko moto sawa mutoto wa homa. Mutoto wa homa banamuvula nguo, banamupangusa na mayi. Nikamwanga mayi ya baridi tangu asubuhi mpaka mangaribi. Hata kula sikukula."

Alidhani nitamshukuru! Nikamwita mshenzi mbele ya wote.

Shefu, mkubwa wetu wa kazi, alitaka jina moja tu kwenye ripoti. Nikaandika la mzee. Kwamba aliuliza, sikuandika. Wakamfukuza siku ile ile, na kwa umri wake, na jina limeshaharibika, nani angemchukua tena? Wapi!

Nilimkuta getini, mwiko wake ameufunga kwenye kitambaa.

"Sasa unielezee, mama. Mayi ilikosa nini?"

Nikamweleza, hasira bado haijanitoka. Saruji ikiganda inajipikia moto wake yenyewe. Kwenye beto nene moto unabaki tumboni, tumbo linavimba. Ukiimwagia maji ya baridi, ngozi inajikunja ghafla juu ya lile tumbo, inapasuka. Masaki yalikuwa ya kuzuia joto la ngozi lisikimbie, ndani na nje vipoe pamoja, polepole. Hata kikombe cha chai kisingepoa nikieleza.

"Njo ile tu? Hakuna ingine?"

"Njo ile."

Akaniangalia. Hakupaza sauti, na afadhali angenitukana.

"Ile, mama, ningeisikia hata Ijumaa."