Sauti ya Mtu Asiyehama

Saa moja kasoro kidogo asubuhi, fundi mitambo anapandisha sauti kwa kidole kimoja; mkono wa pili umeshika kikombe cha chai. Ng'ambo ya kioo, mtangazaji mgeni, ajira yake bado mbichi, anahangaika na vipokea sauti vilivyomng'ang'ania masikioni. Taa nyekundu inawaka. Kabla mgeni hajafungua kinywa, inasikika sauti ya mwanamke, tulivu kama ya mtu aliyeshiba: "Hapa ndipo nyumbani. Sasa ni saa moja kamili."

Sauti hiyo ni ya fundi mwenyewe, na ndiyo iliyomletea makubwa.

Kwa miaka tisa mama huyu wa watoto wawili amekaa nyuma ya kioo akipokea watangazaji na kuwasindikiza. "Mimi ni stendi ya mabasi," anasema huku akicheka. "Wanakuja hawajui hata maikrofoni inashikwaje. Nawafundisha, wakishaiva tu, haooo, redio ya jirani!"

Mwaka jana alihama nyota wa kipindi cha asubuhi. Mwili ulihama, sauti ikabaki. Hakuna aliyekumbuka kubadilisha kibwagizo cha kituo, basi kila saa nyota akawa anasema hapa ndipo nyumbani, na msikilizaji akihamia kwa jirani anamkuta kule akiwasifia wenyeji wake wapya.

"Watu walipiga simu kuuliza kama ana pacha," anasema fundi.

Meneja, ambaye wafanyakazi humwita Bwana Bajeti akiwa hayupo, aliitisha kikao. Akaagiza vibwagizo vyote virekodiwe upya kwa sauti ya mtu asiyehama. Macho yote yakamgeukia fundi.

"Nilidhani nasifiwa. Kufika nyumbani ndipo nikang'amua kwamba wenzangu wananiona kabati!"

Alirekodi saa zote za mchana na usiku, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Mshahara haukusogea hata kidogo. Alipewa keki, nayo ikaliwa na wageni wa meneja.

Lakini kinachomuuma si keki. Anataka kipindi chake mwenyewe, na kila akiomba jibu ni lile lile: "Dada, ukienda hewani wewe, mitambo atabonyeza nani?"

Mwezi uliopita redio ya jirani ilimwita, ikamwahidi Jumamosi asubuhi nzima. Wiki hii Bwana Bajeti alipopata habari alishuka ngazi mbio, kamba za kiatu zikimfuata nyuma.

"Dada yangu, ukiondoka si tutarekodi upya kila kitu?"

"Nikamwambia, bosi, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nakupa mpaka Ijumaa hii unipe kipindi changu."

Je, anatamani kuondoka? "Napapenda hapa, sitadanganya. Ila mapenzi ya upande mmoja yanachosha."

Kisha anamtaja mama yake, ambaye macho yamemfifia na redio ndiyo mwenzake wa kutwa nzima.

"Juzi kaniambia, 'Mwanangu, kila saa unanitajia saa. Kwa saa, jogoo ananitosha. Lini utakaa tuzungumze?' Basi Jumamosi hii nitazungumza naye. Kwenye redio ipi, hilo mwulize Bwana Bajeti."