Ngozi ya Pampu

Ndani ya pampu ya baiskeli kuna kipande cha ngozi, kidogo kama kifuniko cha soda, kilichokunjwa kama kikombe. Ukivuta mpini, ngozi hulegea na hewa hupita pembeni. Ukisukuma, ngozi hutanuka, hushika bomba, na hewa haina pa kwenda ila kwenye tairi. Siri yote ni hiyo. Mikono yangu iliijua kabla ya kichwa changu, maana nilisoma mpaka darasa la saba tu, na mwalimu wetu wa sayansi alikuwa pia mwalimu wa kwaya, na kwaya aliipenda zaidi.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho nilikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli pale Matiliku, mkabala na wanawake wanaouza mbaazi. Siku moja ya soko nilikuwa naongea kuliko ninavyofanya kazi, kama kawaida yangu. Nilikuwa nawaeleza wazee wawili kwamba siku moja nitakuwa na kiwanda, na kiwanda kitakuwa na geti, na kwenye geti kutakuwa na mtu wa kuwauliza wao wanamtafuta nani. Katika kusema hivyo nikairudisha ngozi ya pampu ya mteja kinyume, mdomo wa kikombe ukaangalia nyuma. Mwenyewe akaichukua, akaziba tundu kwa kidole gumba, akavuta mpini. Kidole kikabaki pale pale.

“Fundi,” akasema, “hii pampu inaninyonya.”

“Labda ina njaa,” mzee mmoja akasema. “Hata fundi mwenyewe mwangalie mbavu.”

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Ila muuguzi wa dispensari, ambaye sote tulimwita sista, alikuwa amekaa kwenye debe akingoja panchari yake izibwe, na yeye hakucheka. Aliomba ile pampu, akaweka kidole chake, akavuta. Akarudia.

“Hii haijaharibika,” akaniambia. “Usiitengeneze.”

Akanieleza. Kuna watoto wanaozaliwa koo limejaa maji na ute, na wasipotolewa haraka hawapati hewa. Dispensari ilikuwa na mpira wa kuminya wa kuwavutia, lakini ulikuwa umechemshwa miaka mingi mpaka ukapasuka, na barua ya kuomba mwingine ilikuwa imeandikwa mara mbili. Kwa hiyo yeye alikuwa anatumia mrija na kichupa, anavuta kwa mdomo wake mwenyewe.

“Na ute ukipita kichupa, ukafika mdomoni?” nikamuuliza.

“Nameza, nafanya nini? Mtoto ndiye hana wakati.”

Nilishindwa kula siku ile. Si kwa kinyaa. Niliona tu kwamba mtu anayefanya jambo kama hilo amekaa kwenye debe langu mwaka mzima, na mimi namwimbia habari za geti.

Nikaunda mashine. Chupa ilikuwa ya jemu. Kizibo nilikikata kutoka kisigino cha akala, vile viatu vya tairi, nikakitoboa mara mbili, tundu moja la pampu na lingine la mtoto. Kipira kidogo cha valvu nilikitia katikati ili hewa ikishatoka isirudi. Ngozi niliigeuza, nikaipaka mafuta ya ng'ombe ili iwe laini. Nilikosa mrija mwembamba tu. Sista akanipa wake, ule wa kuvutia kwa mdomo. “Chukua,” akasema. “Yako ikifanya kazi, huu wa nini?” Nikaufunga kwenye kizibo kwa gundi ya kuzibia tyubu, ukashika vizuri sana.

Tuliijaribu kwa uji mwepesi. Kila mpini ulipovutwa, pampu ilisema *tup*, kama chupa inayofunguliwa, na uji ukapanda mrijani ukadondoka kwenye chupa. Sista aliitazama mbele na nyuma.

“Inachemshwa?”

Pale dispensari kila kitu kilichemshwa. Makasi, sindano, mirija, vyote viliingia kwenye sufuria kubwa juu ya stovu. Mimi sikuwa nimejaribu kuichemsha. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, sijui. Lakini alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuna mtu aliyesoma aliyewahi kunitazama.

“Inachemshwa, sista, yote. Hata mimi ukinitia humo nitatoka nikiimba.”

Akacheka, akaiweka kabatini.

Mtoto wa kwanza alikuja kwa haraka, na sista akawahi kuchemsha mrija na chupa tu, pampu akaiacha. Mtoto alivutwa, akalia. Baba yake alishuka na mkungu wa ndizi kutoka kwao Nunguni mpaka kibandani kwangu. Nikaitwa Daktari wa Pampu. Nilianza kuchora nyingine kwenye daftari, ya pili ya dispensari ya Kiboko, ya tatu ya Kitui, na kwenye ukurasa wa mwisho nikachora geti.

Habari ikamfikia dada yangu. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, na alikuwa amezika watoto wawili, wote waliozaliwa bila kulia. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Alikuja kibandani, akakaa kwenye debe lile lile.

“Mwana wa mama, hiyo kitu yako inaumiza mtoto?”

“Haiumizi. Inamvuta kidogo tu, kama ulivyokuwa unanivuta sikio.”

“Sikio yako sikuivuta vya kutosha. Bado hausikii.” Halafu akashika tumbo. “Wa nyumbani wanataka nizalie kule kule. Nimekataa. Nitazalia pale iko.”

Mimi nilifurahi. Nasema ukweli, sikuogopa hata kidogo. Nilimwambia huyu wa sasa atalia mpaka aamshe Kitui nzima.

Kumbe wiki chache baadaye mkaguzi alipita dispensari, akaishika ile mashine, akanusa mafuta ya ng'ombe. Akamwambia sista kitu chochote kinachoingia chumba cha kuzalia lazima kichemshwe, na kwa dakika zile zilizowekwa, si chini. Sista akaifungua yote mpaka ngozi, akaitia yote kwenye sufuria. Akaianika, akaifunga tena kama nilivyomfundisha. Alifanya kazi yake kwa usafi.

Dada yangu alishikwa na uchungu asubuhi, na adhuhuri mimi na mama yetu, mwaitu kama tunavyomwita, tulikuwa kwenye benchi nje ya mlango. Jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa napiga hadithi. Mwaitu akaniambia, “Nyamaza kidogo, tusikie.”

Nikasikia. Sikusikia *tup*. Nilisikia mpini ukienda na kurudi, mbio, mkavu, kama mtu anayekata ubao kwa msumeno. Sikuhitaji kuona. Ngozi haikuwa inashika.

Nikasimama mlangoni. Mwanamume haingii pale, na ndugu wa mzazi ndiye haingii kabisa. “Sista,” nikasema, “tia mafuta. Tia mate, tia chochote kwenye ngozi.” Mpini ukaendelea, ukasimama. Baadaye alinieleza kwamba alijaribu kuung'oa mrija autumie kwa mdomo kama zamani, na gundi yangu ikakataa. Akavuta kwa mdomo mtupu, mdomo juu ya uso wa mtoto, mpaka akaishiwa pumzi.

Alikuwa msichana. Shemeji yangu alimzika nyumbani kwake siku ile ile, pembeni ya wale wawili.

Kesho yake nilikwenda dispensari. Sista alikuwa ameiweka ile ngozi kwenye kisahani. Ilikuwa imejikunja, ngumu kama ganda la mbaazi.

“Niliichemsha,” akasema.

“Ndiyo.”

“Ulisema inachemshwa.”

“Nilisema.”

“Ulikuwa umejaribu?”

“Hapana, sista.”

Nje akina mama walikuwa kwenye foleni, mtoto mmoja anakohoa. “Hata ingevuta, sijui kama angelia,” akasema. “Nakuambia ukweli. Sijui.” Neno lile alilisema bila shida yoyote. Akanipa ngozi mkononi, akawaita wanaofuata.

Nikarudi kibandani nikawasha jiko. Nilichemsha maji kwenye kopo, nikatia ngozi mpya, nikaanza kuhesabu. Sikufika mia. Ilijikunja mbele ya macho yangu kama kitu kinachosikia maumivu. Jaribio lenyewe halikumaliza hata muda wa kuziba panchari. Daftari nilitaka kulitia motoni, halafu nikaona hiyo nayo ni maringo, nikalitupa tu nyuma ya matairi.

Siku ya tatu mwaitu alikuja kibandani. Alikuwa ametembea kutoka kwa dada yangu, vumbi limemfika magotini.

“Maziwa yake yamekuwa mawe,” akasema. “Ana homa. Sista alipita, akasema yatolewe. Tukimkamua kwa mikono analia na maumivu. Amesema ulete ile kitu.”

“Sista amesema?”

“Dada yako.”

Nilifanya kazi mpaka alasiri bila kuongea, na wanawake wa mbaazi wakawa wananiangalia kama mgonjwa. Chupa na kizibo vilikuwa vingine. Kichwa cha honi ya baiskeli, kile kilichopanuka kama ua, ndicho kingekaa juu ya titi. Ukingo wake niliuzungushia mpira wa tyubu usije ukamkata. Ngozi nikaipaka mafuta ya kupikia. Chupa, honi na mrija nikavichemsha. Ngozi nikaipangusa tu. Halafu nikaweka ile honi kwenye shavu langu, nikavuta, mara nyingi, mpaka shavu likawa na duara jekundu. Vivyo hivyo nikavuka mto na duara langu, na mwaitu mbele yangu.

Dada yangu alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Mimi nilibaki nje ya mlango.

“Umekuja?” akasema.

“Nimekuja. Lakini ngoja kwanza.” Nikaongea na pazia. Nilimwambia sista hakukosea. Nilimwambia ni mimi niliyesema inachemshwa, na sikuwa nimejaribu, nilisema tu kwa sababu nilipenda kuulizwa. Nilimwambia mrija wa zamani pia niliuchukua mimi, nikaugandisha kwa gundi. Mwaitu alikuwa anatazama chini. Nikasikia kuku akiparua nyuma ya nyumba, akaacha, akaanza tena.

“Na hii?” dada yangu akasema.

“Hii nini?”

“Hii umejaribu?”

“Nimejaribu kwa shavu. Muulize mwaitu.”

“Amejaribu,” mwaitu akasema. “Amekuwa kama ng'ombe ametiwa alama.”

“Na ikikataa?”

Lile jibu langu la zamani lilikuja mpaka kwenye meno. Ningesema haiwezi kukataa, ningesema itavuta mpaka maji ya mto.

“Sijui,” nikasema.

Akapumua. “Basi mpe mwaitu.”

Nilikaa chini, mgongo kwenye ukuta. Mwanzo mpini ulienda bila kitu, nikafumba macho. Halafu *tup*. Kimya. *Tup*. Dada yangu akaanza kulia, na mwaitu akaniambia baadaye kwamba hakuwa amelia tangu siku ile ya dispensari, hata kaburini. Pampu haikusimama. Ilifanya kazi vizuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kutengeneza, ikapiga pole pole, sawasawa, kama mtoto ananyonya.

Mwaitu akatoka na chupa imejaa, ameifunika kwa ncha ya leso yake. Akasimama uani. Alitazama jikoni, akatazama zizi la mbuzi, akatazama upande kulikochimbwa kaburi. Halafu akanitazama mimi.

“Nipeleke wapi hii?”

Kabla sijasema neno, dada yangu akaita kutoka ndani, sauti imechoka. “Mwaitu, rudisha chupa. Upande wa pili bado.”

Nikaichukua mikononi mwake. Ilikuwa na joto. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaimwaga mchangani, na mchanga wa kwetu hunywa haraka. Nikaisuuza, nikaichemsha tena kwa dakika zote zinazotakiwa, nikaingoja ipoe, nikamrudishia.