Kopo Lililofukiwa Mlali

Kopo la kwanza nililificha mimi, na nililificha vibaya. Lilikuwa kopo la kakao. Nililiviringisha kwenye mfuko wa plastiki wa bluu, nikalisukuma chini ya jiwe kando ya barabara ya kwenda Chamwino. Ndani niliweka kalamu, kifungo cha shati, karatasi ya kutia sahihi, na pipi. Mwenzangu alipokwenda kulitafuta, tarakimu za mahali nilizompa zilimpeleka kwanza kwenye zizi la mbuzi. Alipoliona hatimaye, aliliona kwa macho tu, kwa sababu ule mfuko wa bluu ulikuwa unapepea. Sisimizi walikuwa wameshahamia kwenye pipi.

"Uliwasha mashine ukaisubiri itulie?" aliniuliza Jumatatu ofisini.

"Niliisubiri kidogo."

"Hukusubiri. Nakujua."

Tulikuwa wafanyakazi wa mradi wa maji mjini Dodoma, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa moja baada ya jingine na neno "kupunguzwa" linasikika kwenye kila korido. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka vijijini na jipiesi, kifaa cha kushika mkononi kinachopokea habari za setilaiti, tukiandika kila kisima kiko mahali gani hasa. Yeye alikuwa mwenyeji wa Kondoa, mke wa mtu, mama wa watoto, na alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita dada. Akikaa, amekaa. Mimi nilipanga chumba mtaa wa Area C na sanduku langu moja sikuwahi kulifungua tangu nihamie. Nilituma maombi ya kazi Dar es Salaam, nikatuma Arusha, nikatuma hata mahali ambapo sikujua wanafanya nini. Jumapili zilinitesa. Nilifua, nikafagia, nikatoka, nikarudi, na jua bado lilikuwa juu.

Mchezo wenyewe tulifundishwa na mtaalamu mgeni aliyekuwa anamaliza mkataba. Alitueleza kwamba Ulaya kuna watu wanaoficha vikopo porini, wanaandika koodineti zake, yaani tarakimu za mahali vilipo, kwenye intaneti, na wengine wanakwenda kuvitafuta kwa vifaa kama vile vyetu. Ukikipata unatia sahihi, unakirudisha palepale. Alituonya mambo mawili: msifukie, na msiweke chakula. Mimi nilikosea la chakula. Dada akaja kukosea la kufukia.

Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kucheza naye, tulifichiana sisi wenyewe. Tulipokwenda kijijini kikazi, mmoja alijitenga kidogo wakati dereva anakula, akarudi na tarakimu kwenye kipande cha karatasi. Jumamosi mwenzake alikwenda kutafuta. Nilizisubiri Jumamosi hizo kuliko mshahara. Zilinipa sababu ya kupanda gari.

Kopo la Mlali dada alilificha mwanzoni mwa mvua. Alilifukia kwenye mpaka wa mashamba, karibu na minyaa, akafunika vizuri. Hakujua kwamba kuna mtu alimwona ameinama anafukia kitu. Jumamosi iliyofuata nikapanda basi la Kongwa, nikaunganisha gari la Mlali, na saa tano asubuhi nilikuwa katikati ya shamba la alizeti nikizungukazunguka na kifaa changu kama kuku anayetaka kutaga.

Kifaa kilisema nimefika. Niliangalia chini, hamna kitu. Nikapiga hatua, kikasema nimepita. Nikarudi. Nilipekua kila kichuguu, nikainua kila jiwe, nikachokoachokoa udongo kwa kijiti. Mbigili zilijaa kwenye pindo la sketi. Jasho lilinitoka, na kadiri nilivyokosa ndivyo nilivyozidi kuzunguka. Watu walikuwa wamesimama njiani wakiniangalia. Niliwapungia mkono. Hakuna aliyejibu.

Nilirudi Dodoma jioni nimevimba kwa hasira. Dada aliniapia kwamba kopo lipo. Tulibishana mpaka akaviweka vifaa vyetu viwili mezani, sambamba, akavilinganisha. Chake kilikuwa bado kimepangwa kama kilivyotoka kiwandani. Changu mtu fulani alikuwa amekipanga kifuate ramani za zamani za serikali tulizotumia ofisini. Tarakimu zile zile kwenye vifaa vile viwili zilikuwa sehemu mbili tofauti, zimeachana kama urefu wa viwanja vitatu vya mpira. Nilikuwa nimetafuta siku nzima kwenye shamba lisilohusika. Tulicheka sana siku ile.

Hatukucheka tuliporudi Mlali kukagua kisima. Gari lilisimamishwa kabla hatujafika. Mtendaji wa kijiji, kijana aliyevaa kaptula na shati la ofisini, alituomba tushuke tumfuate kwa miguu. Alitupeleka kwenye shamba lile la alizeti. Sikulitambua. Lilikuwa limechimbwa mashimo kila mahali, mengine mtu angeingia mpaka kiunoni, na miche iliyokuwa imeanza kuota imelala juu ya vifusi na mizizi yake nje.

"Watu wanasema mradi wenu una mashine ya kuonyesha dhahabu aliyoifukia Mjerumani," alisema mtendaji. "Wanasema mmoja wenu alionekana anafukia, mwingine akaonekana anatafuta. Sasa nielezeni mimi, maana mwenye shamba amenikalia kooni."

Mwenye shamba alikuwa amesimama nyuma yake, mama wa makamo, jembe begani. Dada alimsalimu kwa Kigogo cha kuungaunga, "Mbukwa." Mama akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Ndiye huyu," alisema. "Huyu ndiye alikuwa anazunguka."

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Ulikuwa unatafuta nini kwenye shamba langu?"

Ningeanzia wapi? Dada akasema, "Tutakuonyesha," akatangulia. Tulimfuata, na kundi la watu likatufuata sisi, wengine na majembe yao, tukakata mashamba mpaka kwenye minyaa. Dada alipiga magoti, akachimba kwa mikono, akatoa kopo la maziwa ya unga. Kila mtu alisogea. Nilisikia mtu nyuma yangu anapumua kwa nguvu.

Akalifungua. Kulikuwa na kitana, pini ya kanga, na karatasi iliyokunjwa ambayo mtendaji aliichukua akaisoma pande zote mbili. Ilikuwa na jina la dada tu. Dada alieleza mchezo wetu polepole, kwa Kiswahili chepesi, bila kuruka kitu. Kadiri alivyoeleza ndivyo ulivyozidi kuonekana wa kijinga, na hakujitetea. Wanaume wawili walitazamana, wakaondoka bila kuaga. Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha alipoona mama hacheki.

"Kwa hiyo shamba langu limechimbwa kwa ajili ya kitana," alisema mama.

"Ndiyo, mama," alijibu dada. "Tutalifukia."

Dereva alikwenda kumaliza kazi ya kisima peke yake. Sisi tuliazima majembe. Mtendaji aliwaamuru wachimbaji nao waje, wakaja wachache, wakafanya kazi bila kututazama. Udongo ulikuwa umelowa na mzito. Mwanzoni nilifukia shimo moja nikakimbilia jingine kabla la kwanza halijajaa, mpaka mama akanishika mkono. "Maliza hili," alisema. "Halafu ndiyo lile." Mchana alituletea ugali wa mtama na mlenda, akaketi nasi akala, bado hajacheka. Alasiri alituletea mbegu kwenye kibuyu, akatuonyesha pa kupanda upya. Zilizobaki alizimimina kwenye lile kopo la maziwa, akalifunika, akaliweka kwapani.

Njiani kurudi mikono yangu ilikuwa imetoka malengelenge. Niliteremsha kioo, vumbi likaingia, nikakipandisha, nikateremsha tena. Nilimwambia dada tujaribu upande wa Chamwino tena, safari hii bila kufukia, bila chakula, vifaa vimelinganishwa. Nilishaanza kupanga pa kuficha.

"Nimeomba uhamisho," alisema. "Nakwenda nyumbani, Kondoa. Wamekubali."

Mimi ndiye niliyekuwa natuma maombi kila wiki. Nakumbuka dereva alipunguza redio.

Aliondoka kabla alizeti haijachanua. Mimi nilibaki Dodoma miaka mingine kadhaa. Jumamosi za mwanzo nilikwenda stendi kama kawaida, nikapanda basi lolote lililokuwa linakaribia kujaa, nikashuka popote, nikanywa chai, nikarudi.