Hadisi Niliyoichora Mchana

Nilipokuwa mtoto, sikuwahi kufika mwisho wa hadisi hata moja. Nilikuwa mtu wa kusinzia. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu Lubumbashi, alikuwa akianza kusimulia jioni baada ya kula bukari, ugali wetu, sisi tumeketi kwenye mkeka uani, mtaa wa Kamalondo, na kabla mambo hayajakolea mimi nilikuwa nimeshalaza kichwa kwenye paja la papa, baba yangu. Asubuhi papa alinicheka.

"Ulilala tena pa fasi ya muzuri," aliniambia. "Utasikia leo mangaribi."

Katika hadisi zote niliipenda ile ya mwanamke aliyemfuata mbuzi wake ndani ya shimo la mhanga, yule mnyama anayechimba ardhi usiku. Mbuzi anaingia, mwanamke anaingia nyuma yake, anashuka, anashuka, mpaka huko chini kabisa anasikia watu wanatwanga mahindi. Hapo ndipo usingizi uliponichukua kila mara. Nilijua vizuri jinsi kambo alivyopiga goti lake kwa kiganja kuigiza kinu, lakini sikujua kama yule mwanamke alitoka.

Kambo alikuwa na sharti moja tu. Hadisi ni za jioni, jua likishazama. Mtoto akisimulia mchana, mzazi wake hupotea. Alilisema bila kututisha, kama mtu anayekukumbusha kufunika chungu. Tuliamini jinsi watoto wanavyoamini, yaani mpaka wapate sababu ya kutoamini.

Sababu yangu ilikuwa picha. Nilikuwa na miaka minane, na msimu ule wa mvua papa alikuwa ameanza kwenda Kambove kuchimba madini na wenzake, kwa mikono, katika mashimo waliyoyachimba wenyewe. Aliondoka kila Jumatatu na kurudi Jumamosi jioni. Bila paja lake nilichoka kukaa bure, nikaanza kuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba. Nilichora mbuzi, nikachora shimo, nikachora mwanamke na kitambaa chake cha kichwa. Nilijivuna, sikatai. Lakini umeme ulikuwa umekatika kwa wiki nyingi, na picha hazionekani gizani. Sasa nani angeziona?

Basi Jumamosi moja, jua likiwa utosini, niliwakusanya watoto wa uani, nikashika kijiti kama mwalimu, nikasimulia huku nikionyesha picha moja baada ya nyingine. Walinisikiliza! Tangu siku ile sijasikilizwa hivyo tena, na leo kusimulia ndiyo kazi yangu. Nilifika kwenye kutwanga, nikapiga goti kama kambo, kisha nikanyamaza.

"Kisha?" aliuliza Beya, binti wa jirani. "Alitokaka?"

Kabla sijajibu niliona beseni la nguo, na nyuma yake kambo.

"Ni nani alikufundisha kutoa hadisi na jua?"

"Kambo, picha haionekanake mangaribi."

Alitazama ukuta kwa muda mrefu. Nilijua nitachapwa. Badala yake aliweka beseni chini, na sauti yake ikawa ndogo.

"Malizia, basi. Ukishaifungula muchana, uifunge. Usiiache wazi."

"Sijue mwisho."

Alifungua kinywa aniambie. Niliona kabisa kwamba alitaka kuniambia. Akaangalia juu, jua lilikuwa palepale, akafunga kinywa.

"Nitakuambia mangaribi," alisema. "Papa yako akirudia."

Jioni ile papa hakurudi. Jumapili walikuja wachimbaji wawili, wakasimama mlangoni, kofia mikononi. Udongo ulikuwa umelowa, shimo likajifunga Jumamosi, na papa alikuwa chini. Saa hatukuwahi kuijua. Mwili hawakuweza kuutoa, kwa hiyo tulikaa kilio bila jeneza. Kilio kilipokwisha, kambo alichukua maji na brashi, akausugua ukuta mwenyewe mpaka mwanamke wangu akafutika. Hakunigombeza hata neno moja. Afadhali angenigombeza. Na hakusimulia tena hadisi, si kwangu, si kwa mtoto yeyote.

Sasa ninatunga na kuchora vitabu vya watoto. Watu wa mjini hunisifu kwamba nimeokoa hadisi za familia yetu, nami naona aibu, kwa sababu nilichookoa ni mianzo tu. Miisho yote ninaibuni. Watoto hawajui, wanapiga makofi. Mhariri wangu anaulizia ile ya shimo la mhanga kila tunapoonana.

Mwaka juzi, kambo alipokuwa kitandani na hatoki tena, nilikwenda kwake na daftari. Ilikuwa jioni, nilihakikisha jua limezama. Akili yake ilikuwa timamu kabisa.

"Kambo, ule mama wa mbuzi, alitokaka?"

Alinitazama kama alivyoutazama ukuta siku ile.

"Nilikuambia, papa yako akirudia," alisema. Kisha akageukia upande wa dirisha. "Hayarudia." Yaani, bado hajarudi.

Tulimzika kabla ya mwezi kwisha.

Siamini kwamba mtoto mwenye kipande cha mkaa anaweza kuangusha shimo la Kambove. Udongo ukilowa huanguka, hata nisingefungua kinywa ungeanguka. Ninalijua hilo na halinisaidii kitu. Hadisi nyingine zote nimezipachika mwisho wa uongo, lakini hii mkono unakataa. Nikimtoa yule mwanamke, ninadanganya. Nikimwacha, ni kama ninamfukia papa kwa mkono wangu. Kurasa kumi na moja zimekamilika mezani, na rangi yake imeshaanza kufifia kwa jua la dirishani. Mwanamke yuko chini, watu wanatwanga, na mimi sina tena wa kumwuliza.