Kangaga ya Norfolk Kule Landless

Wiki jana nilipita kwa wauza miche wa kando ya barabara pale Ruiru, natafuta maua ya kuweka kibarazani. Nikaiona kangaga, ile inayosimama na shina kama mti, majani yametanda juu ya kichwa changu. Rafiki yangu, maua niliyasahau. Nilisimama chini yake, mwangaza wa kijani ukinishukia, na taratibu mawazo yakanirudisha Landless, mtaa nilikokulia.

Kule Thika tuliishi na nyanya, nyumba ya mabati karibu na bomba la maji. Jirani yetu, mama wa kutoka magharibi, alifanya kazi kwenye shamba la maua. Huko alipewa kangaga ingali ndogo, ndani ya mkebe, akaambiwa asili yake ni Norfolk, kisiwa kidogo mbali upande wa Australia. Alipoitwa kwao kumuuguza mamake, alimwachia nyanya. "Shosho, niwekee hii. Nikirudi nitaichukua."

Nyanya akaipanda uani, nayo ikakua. Maji ya kuoshea mchele tuliyamwaga polepole juu ya shina, maana kangaga hunywa kwa shina. Jioni, githeri ikichemka, tulijilaza chini yake juu ya gunia tukitazama majani machanga yenye manyoya yakijikunjua, kama ngumi ya mtoto mchanga. Tuliamini kabisa kwamba upepo wake ulitoka baharini.

Miaka ikapita, kangaga ikarefuka hadi ikapita mabati ya paa. Nyanya alikuwa amechuma na kupogoa kahawa tangu usichana, na mkahawa ukirefuka hukatwa kichwa ili utoe matawi. Kangaga alishaipenda, lakini hakutaka kumnyima mwenyewe. "Wacha itoe mbili," akasema, "moja yake, moja yangu." Akakata kilele kwa panga alilolinoa vizuri.

Kumbe kangaga hiyo ina kilele kimoja tu. Tulingoja mvua, ikaja, ikaisha. Shina likabaki gogo, na nyanya akaacha kukaa nje.

Jirani aliporudi, nyanya alisimama mlangoni kuziba njia ya uani. Jirani akachungulia juu ya bega lake.

"Nimeua mti yako," nyanya akasema.

Jirani akamshika mikono. "Shosho, mama nimemzika. Njia yote nilikuwa naogopa nitafika nisikupate na wewe. Mti ni nini?"

Walilia pamoja, kisha wakapika chai.

Siku hizi kahawa imeng'olewa, magorofa yamesimama, na nyanya na jirani yule hawapo tena. Ninawakumbuka mpaka kifua kinauma. Ile kangaga ya Ruiru niliitamani sana. Lakini naishi Gatongora, ghorofani, majirani juu na chini, na nikisafiri hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumwachia.